John Paul Stapp: daktari aliyeupima mkanda wa usalama kwa mwili wake mwenyewe

Mkanda wa usalama unaoning'inia pembeni mwa kiti cha gari haukubuniwa kwa kubahatisha. Kuna watu waliotumia maisha yao kutafuta jibu la swali moja: chombo kikisimama ghafla, mwili wa binadamu unaweza kuhimili nini? Mmoja wao ni John Paul Stapp, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyefariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 89.

Katika miaka ya 1950 magazeti ya kwao yalimpa sifa ya kuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. Picha yake ilikaa kwenye jalada la jarida la Time mwezi Septemba 1955. Lakini Stapp hakuwa akitafuta kasi. Alichokuwa akitafuta ni namna ya kusimama salama.

Msikilizaji, jambo hili si la marubani wala la wazungu peke yao. Linamhusu mama anayepanda Noah kwenda kliniki huku amempakata mtoto kiti cha mbele. Linamhusu dereva anayevuta mkanda pale tu anapomwona trafiki, akishapita anauachia. Ndiyo maana leo tunasimulia maisha ya daktari huyu.

Mtoto wa wamisionari

Stapp alizaliwa tarehe 11 Julai 1910 katika jimbo la Bahia, nchini Brazili. Wazazi wake walikuwa Wamarekani, wamisionari wa kanisa la Baptisti. Utoto wake aliupitisha huko Brazili, kisha akapelekwa Marekani kusoma.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1928, akiwa kijana wa chuo, alikuwa kwa ndugu zake. Mtoto mchanga wa jamaa yake alitambaa hadi kwenye moto wa nyumbani akaungua vibaya. Stapp alishinda na kukesha akimuuguza, lakini mtoto yule akafariki. Kifo hicho ndicho kilichomfanya aamue kuwa daktari.

Kuamua ni jambo moja, ada ni jambo jingine. Familia haikuwa na fedha za kumsomesha udaktari. Kwa muda alifundisha chuoni ili apate riziki na akiba. Alisoma elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Baylor, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Texas, na hatimaye akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944. Alikuwa na miaka 34. Mwaka huohuo akaingia jeshini, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea.

Swali la marubani

Baada ya vita, jeshi lilikuwa na tatizo. Ndege zilikuwa zikianguka, na marubani walikufa hata katika ajali ambazo chumba cha rubani hakikubondeka. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuhimili nguvu inayozidi mara 18 ya uzito wake. Kama mwili una kikomo hicho, walisema, hakuna faida ya kutengeneza kiti na mikanda imara zaidi, kwa sababu rubani atakufa tu.

Stapp hakuridhika. Alikuwa amesikia habari za marubani waliopona katika ajali zilizozidi kikomo hicho. Akajiuliza kama kinachoua ni nguvu ya kusimama yenyewe, au ni mtu kurushwa mbele na kujibamiza kwenye vyuma kwa sababu hakufungwa vizuri.

Mwaka 1947 alipelekwa kwenye kituo cha jeshi cha Muroc, katika jangwa la California, ambacho leo kinaitwa Edwards. Huko kulikuwa na reli yenye urefu wa mita 600 hivi. Juu ya reli hiyo liliwekwa toroli la chuma lililosukumwa na roketi. Mwishoni mwa reli kulikuwa na breki kali za kulisimamisha toroli ghafla, kama gari linapogonga ukuta. Toroli hilo waliliita Gee Whiz.

Kwanza walipakia sanamu yenye uzito wa mtu mzima. Katika jaribio moja la mwanzoni sanamu ilifungwa mkanda hafifu. Breki zilipokamata, mkanda ukakatika, sanamu ikaruka mbele na kwenda kuangukia mbali jangwani. Toroli lilikuwa limesimama, lakini kilichokuwa juu yake kiliendelea na safari.

Picha hiyo inafaa kukumbukwa. Gari likigonga, linalosimama ni gari. Wewe uliyemo ndani unaendelea mbele kwa mwendo uleule, mpaka kitu kikusimamishe. Kitu hicho ni kimoja kati ya viwili: mkanda, au kioo na dashibodi.

Alipanda mwenyewe

Ulipofika wakati wa kumweka mtu aliye hai, Stapp hakumtuma askari wa chini yake. Alipanda yeye. Hiyo ilikuwa Desemba 1947, na mara hiyo ya kwanza alikaa akiangalia nyuma, mgongo ukiwa upande toroli linakoelekea. Toroli liliposimama, mwili wake uligandamizwa kwenye kiti, na nguvu ikagawanyika mgongo mzima. Alishuka salama.

Aliongeza mwendo kidogo kidogo. Baadaye akakaa akiangalia mbele, akishikiliwa na mikanda tu. Hapo ndipo maumivu yalipoanza. Alivunjika mbavu. Alivunjika kifundo cha mkono zaidi ya mara moja. Meno yake yalitoka viziba. Mishipa midogo ya damu machoni ilipasuka. Kila aliposhuka aliandika kilichotokea mwilini mwake, kisha akapanga jaribio linalofuata. Wakubwa wake waliingiwa na hofu, wakamtaka aache na atumie sokwe. Aliwatumia, lakini yeye mwenyewe hakuacha kupanda.

Matokeo yalikuwa wazi. Kikomo cha mara 18 hakikuwa cha kweli. Mtu aliyefungwa vizuri, mikanda ikipita kwenye mifupa yake imara, alihimili zaidi ya hapo na kupona. Na aliyekaa akiangalia nyuma alihimili kwa urahisi kuliko aliyeangalia mbele. Stapp akapendekeza viti vya ndege za kusafirisha askari vigeuzwe viangalie nyuma.

Katika miaka hiyohiyo, baada ya saa za kazi, alikuwa akitibu familia za wanajeshi wa kituo bila malipo.

Waya zilizofungwa kinyume

Mwaka 1949 mhandisi mmoja aitwaye Edward Murphy alileta vipimo vya kufunga kwenye mikanda ili kujua nguvu inayoupata mwili. Jaribio likafanyika kwa hatari zake zote, lakini vipimo havikuonyesha chochote. Kumbe vilikuwa vimefungwa kinyume.

Kutokana na kisa hicho ukazaliwa msemo unaojulikana duniani kama kanuni ya Murphy, ambao maana yake ni kwamba kama kitu kinaweza kukosewa, iko siku kitakosewa. Stapp ndiye aliyeueneza alipozungumza na waandishi wa habari. Kwake haukuwa mzaha. Ulikuwa utaratibu wa kazi: kabla ya kupanda, fikiria kila kinachoweza kuharibika, kikague kwanza. Tutaurudia msemo huu tukifika kwenye kiti cha mtoto.

Tarehe 10 Desemba 1954

Mwaka 1953 Stapp alihamia kituo cha Holloman, katika jimbo la New Mexico. Huko kulikuwa na reli ndefu zaidi na toroli jipya lenye roketi 9, lililoitwa Sonic Wind.

Alijua kwamba safari aliyokuwa akiipanga ingeweza kumpofusha. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo alijizoeza kuvaa nguo gizani, ili akipoteza macho asiwe mzigo kwa wenzake.

Tarehe 10 Desemba 1954 alifungwa kwenye kiti, mikono na miguu ikabanwa isipepesuke. Roketi zikawashwa. Ndani ya sekunde 5 alikuwa anakwenda zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Kisha toroli likasimama kwa sekunde 1.4 tu. Mwili wake ulipata nguvu ya mara 46.2 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 75, hiyo ni kama kubeba karibu tani tatu na nusu.

Walipomfikia alikuwa hai, lakini haoni. Macho yalikuwa yamejaa damu. Alipelekwa hospitali akiamini kwamba huenda ndiyo basi tena. Uwezo wa kuona ulianza kumrudia taratibu, na siku iliyofuata alikuwa akiona.

Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho kwenye toroli. Kwa jumla alikuwa amepanda mara 29.

Kutoka ndege hadi gari

Wengi wanaijua simulizi ya Stapp mpaka hapo. Lakini sehemu inayotugusa zaidi inaanzia hapo.

Alipoangalia takwimu za jeshi, aligundua jambo lililomshangaza. Jeshi la Anga lilikuwa likipoteza watu kwa ajali za magari kwa kiwango kinachokaribiana na cha ajali za ndege. Rubani alifungwa mikanda ya kila namna angani, kisha akishuka anaingia kwenye gari lake bila mkanda na kufa njiani akirudi nyumbani. Magari mengi ya wakati huo hayakuwa na mikanda kabisa.

Mwaka 1955 aliwaita wahandisi, madaktari na watu wa viwanda vya magari kwenye mkutano huko Holloman. Aliwaonyesha magari yakigongeshwa kwa makusudi yakiwa na sanamu ndani. Wakubwa jeshini walihoji kwa nini fedha za ndege zitumike kwenye magari. Jibu lake lilikuwa takwimu zilezile za vifo. Mkutano huo ukawa wa kila mwaka, unabeba jina lake, na unaendelea mpaka leo.

Viwanda havikukubali haraka. Wengine waliona kwamba kumwekea mteja mkanda ni kumkumbusha kifo wakati anataka kununua gari. Stapp aliendelea kuzunguka na kuzungumza. Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari ya Marekani, na Stapp alikuwepo akishuhudia. Kuanzia mwaka 1968 magari mapya nchini humo yalilazimika kuwa na mikanda.

Hakuwa peke yake. Nchini Sweden, mhandisi Nils Bohlin, ambaye naye alitokea kwenye kazi ya viti vya marubani, alibuni mkanda tunaoutumia sasa, unaopita kiunoni na begani na kufungwa kwa mkono mmoja. Kampuni ya Volvo iliuweka kwenye magari yake mwaka 1959 na kuwaruhusu wengine wauige. Nchini humohumo daktari Bertil Aldman, katika miaka ya 1960, alitengeneza kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma, baada ya kuona jinsi wanaanga walivyolazwa mgongo ili wahimili nguvu ya roketi. Ni somo lilelile alilolipata Stapp katika safari yake ya kwanza ya mwaka 1947.

Sheria za watoto zilichelewa zaidi. Jimbo la Tennessee ndilo la kwanza Marekani kulazimisha viti vya watoto, mwaka 1978, baada ya daktari wa watoto Robert Sanders kulipigania jambo hilo. Huku kwetu Afrika Mashariki, wengi wanakumbuka kanuni za Waziri John Michuki za Kenya, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na kuwalazimisha abiria wa matatu kufunga mikanda.

Mikono ya mama haitoshi

Sasa tuchukue hesabu ya Stapp tuilete kwenye barabara yetu.

Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao wengi tunauona wa pole. Linagonga mti na kusimama ndani ya nusu mita hivi. Nguvu inayompata aliyemo ndani inafika takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa anavuta mikono ya mama kama mzigo wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi, yanayorushwa kutoka mikononi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mzazi mwenye nguvu za kuyazuia, hata ampende mtoto namna gani.

Kama mama naye hajafunga mkanda, hali ni mbaya zaidi. Mwili wake unakwenda mbele na kumbana mtoto kwenye dashibodi. Na kama amezungusha mkanda mmoja kwake na kwa mtoto, uzito wake unamkandamiza mtoto kwenye mkanda huo. Anayekusudia kumkinga ndiye anayemuumiza.

Kugonga kwa mwendo huo wa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Hakuna anayempandisha mtoto juu ya mnazi kwa kuwa safari ni fupi.

Mambo ya kuzingatia

Mkanda wa kiunoni upite chini, kwenye mifupa ya nyonga, usipite tumboni. Wa begani upite katikati ya bega na kifua, usikate shingo wala usiwekwe chini ya kwapa. Stapp alipona kwa sababu mikanda ilishika mifupa. Tumbo halina mfupa wa kulilinda.

Mjamzito naye afunge. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, na wa juu upite kati ya matiti na pembeni ya tumbo.

Mtoto mchanga akae kwenye kiti chake kinachoangalia nyuma, na abaki hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Akiangalia nyuma, mgongo mzima unapokea nguvu. Kiti hicho kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka unaweza kumuua.

Mtoto aliyekua kidogo atumie kiti kinachoangalia mbele chenye mikanda yake. Akizidi hapo, akalie kiti cha kumwinua, mpaka mkanda wa mtu mzima umkae sawasawa begani na kiunoni.

Hapa ndipo kanuni ya Murphy inaporudi. Kiti cha mtoto ni kizuri kikifungwa vizuri. Kishike kwa mkono ukitikise: kikicheza sana, bado hakijafungwa. Mikanda ya mtoto isilegee wala isijikunje. Ukinunua cha mtumba, angalia nyufa, mikanda iliyochanika na vifungo visivyobana. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali usikichukue.

Je, asiye na kiti afanye nini? Tunajua viti hivi ni ghali, na minadani kwetu ni adimu. Mpeleke mtoto kiti cha nyuma, kamwe si mbele. Mtoto mkubwa mpe nafasi yake na mkanda wake. Ukilazimika kumpakata mdogo, wewe funga mkanda wako peke yako, mtoto akiwa nje ya mkanda huo, ili angalau usimwangukie. Huo si usalama kamili, ni kupunguza hatari tu. Ukiweza kuchagua chombo, chagua chenye mikanda inayofanya kazi na dereva asiyekimbia. Nyuma ya pikapu si mahali pa mtoto. Na wenye magari ya abiria, mikanda iliyofichwa chini ya vitambaa vya viti itolewe nje ifungike.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliyemo garini hadi nusu. Mkanda hauongezi mafuta na hauchelewishi safari.

Mwisho wa safari yake

Stapp alimwoa Lillian Lanese, mcheza dansi, mwaka 1957. Alistaafu jeshi mwaka 1970 akiwa kanali, na akaendelea na kazi ya usalama barabarani. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilimtunuku nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki nyumbani kwake Alamogordo, New Mexico, tarehe 13 Novemba 1999.

Mtu aliyesimama kutoka kilomita 1,000 kwa saa akiwa amefungwa mikanda aliishi miaka 45 zaidi na kufa kwa uzee. Barabarani kwetu wapo wanaokufa kwa kusimama kutoka kilomita 50, mkanda ukiwa unaning'inia pembeni yao. Ukipanda gari kesho, uvute, uufunge, kisha mgeukie mtoto uhakikishe naye amefungwa.